Kituo cha tuisheni kinamkosesha mtoto kwa kuandika "goes" sahihi, kisha kinadai ada

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Hapa Dodoma kipo kituo cha tuisheni ambacho kwa sasa sitakitaja jina, kinachojinadi kuwa kinawaandaa watoto wa darasa la sita na la saba kwa Kiingereza cha sekondari. Ada ya mwezi hawachelewi kuikumbusha hata siku moja. Wanachokifundisha kuhusu "go", kitenzi ambacho mtoto hukutana nacho mapema kuliko karibu vyote, ni upotoshaji mtupu.

Daftari la binti yangu liko mbele yangu. Ameandika: "My father goes to Mtumba every day." Sentensi haina doa, na tena ni ya kweli, maana baba yake ni mtumishi na kila siku ya kazi hupanda daladala kwenda Mji wa Serikali. Mwalimu amekata "goes" kwa kalamu nyekundu, juu yake ameandika "is going", na pembeni ameweka alama ya kosa kubwa inayovuka mistari miwili. Maneno "every day" ameyaacha palepale. Sentensi inayofuata, "I go to school with my friends", nayo imechinjwa vivyo hivyo, na ukurasa umeishia na maneno "Rudia kazi".

Chanzo nimekipata ndani ya daftari hilohilo: karatasi ya kopi waliyogawiwa darasa zima, inayosema kwamba "-na-" ya Kiswahili ni "am, is, are" pamoja na "-ing", basi. Kwa kanuni hiyo "naenda" ni "I am going" milele na milele. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba "-na-" yetu inabeba mizigo miwili. Mtu aliye njiani na kikapu chake akiulizwa atasema "naenda sokoni Majengo", na mtu huyohuyo akiwa amekaa kwake atasema "naenda kanisani kila Jumapili". Kiingereza hutenganisha hayo mawili: wa njiani ni "I am going", wa kila Jumapili ni "I go". Na kinachouma zaidi ni kwamba mtoto wa Kiswahili anayo tayari njia ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa tunayo "hu-". Baba huenda Mtumba, bibi huenda kliniki, sisi huenda shambani mvua zikianza. Mwalimu angeanzia hapo, "go" na "goes" zingeeleweka kabla kengele haijagonga.

Najua atatokea mjuzi wa kusema kwamba Waingereza nao husema "is going" kwa jambo linalojirudia kwa muda fulani tu, kwa mfano wiki hii gari likiwa gereji. Ni kweli, lakini hilo halikufundishwa na si sababu iliyotumika kumkosesha mtoto. Tena wakati uliopo wa kawaida, yaani huo wa "go" na "goes", hutumika hata kwa ratiba. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hata ikiwa imesimama kituoni na milango imefungwa, bado tutasema "The train goes to Dar es Salaam". Kwa karatasi ya kituo hiki, sentensi hiyo nayo ingekatwa.

Nikaendelea kufunua. Ukurasa mwingine una "They goes to the farm", na hiyo imepewa tiki! Nilipomuuliza binti yangu akanijibu kwamba waliambiwa "s" ni alama ya wingi, na "they" ni wengi. Hiyo ni kanuni ya nomino, ndugu zangu. Kwenye kitenzi mambo ni kinyume: "s" hiyo huja pale ambapo anayetajwa ni mmoja, naye si mimi wala wewe, yaani "he", "she" au "it". Na kwa kuwa "go" huishia na "o", huongezewa "es", kama "do" inavyokuwa "does", ingawa "does" hutamkwa "daz" na "goes" hubaki na sauti yake ya "go". Kwenye swali na ukanushi, "es" hiyo huchukuliwa na "does", na kitenzi hurudi kuwa kitupu: "Does she go?", "She does not go". Daftari lina "Does she goes" na "go to home" badala ya "go home", zote zimepita bila kuguswa.

Nilikwenda kumwona mkuu wa kituo. Alinisikiliza huku akichezea simu, kisha akasema: "Mzazi, hayo ni mambo madogo, akifika sekondari atazoea." Atazoeaje? Huko sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na hakuna mwalimu wa Biolojia atakayesimamisha kipindi ili arudie "go". Wakati huohuo uliopo wa kawaida, anaouita jambo dogo, ndio unaotumika kuelezea sayansi: "Blood goes from the heart to the lungs." Damu haifanyi hivyo leo tu.

Sina ugomvi na kijana anayefundisha, ambaye huenda analipwa kidogo na yeye mwenyewe alifundishwa kwa karatasi ya namna hiyo. Ugomvi wangu ni na mwenye kituo anayeichapisha upya na kuiuza kama elimu. Ninachotaka ni karatasi hiyo iondolewe, madaftari yasahihishwe upya, na watoto waambiwe mbele ya darasa ni sentensi zipi walizipatia. Asiyeweza hayo arudishe ada.

Wazazi mlio na watoto kwenye tuisheni hapa mjini, fungueni madaftari leo na mtafute sentensi zenye "every day", "always" au "on Sundays". Mkikuta "goes" imekatwa kwa wino mwekundu, pigeni picha mniletee. Jumamosi asubuhi ninarudi ofisini kwa mkuu huyo, na safari hii nataka majibu ya maandishi.