Madirisha ya mninga ya kile chuo yamepikiwa maharage!

Wakuu, nimekasirika mpaka vidole vinatetemeka. Kile chuo cha zamani mnakijua, na aliyepewa kazi ya kukikarabati mnamjua. Leo mchana: mafiga matatu, sufuria la maharage ya mafundi, na kuni ni madirisha ya mninga. Mninga! Mchwa wa Dodoma wanaokula hadi vyeti vya ndoa waliuogopa miaka yote hiyo, binadamu kauchoma kwa mlo mmoja.

Yalikuwa ya luva, vile vibao vya mshazari vyenye nafasi kati yake. Ukiyafunga, upepo unapita, jua linabaki nje. Yalihitaji msasa, bawaba mpya na mafuta ya kitani yapakwe mara mbili, basi. Wameweka aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiifungua yote, nusu ya dirisha bado ni kioo. Juu wamepiga dari ya jipsamu wakaziba matundu ya hewa. Oktoba mle mtaoka mikate bila tanuri. Mninga, jamani, kwa maharage!

Fundi Mwiko: Madirisha cha mtoto. Zile kuta za chokaa zimepigwa lipu ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka chini utakosa pa kutokea, chumvi ijae nyuma ya lipu, ibanduke kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Pale ni chokaa ndoo moja, mchanga ndoo tatu, na kunyunyizia maji wiki nzima.

Bawaba: Mtoa mada umeungua kuliko hayo madirisha. Maharage yaliiva lakini?

Mtoa mada: MNINGA, wewe! Fremu nzima nzima!

Kengele: Mnalilia mbao, bati hamjaziona? Geji 30, bati jembamba, kwa upepo ule, na misumari imepigwa kwenye bonde la mikunjo ya bati badala ya mgongoni. Kifuku kikianza kila msumari ni bomba.

Mbugani: Afadhali nyie. Huku udongo mweusi, na yule mnayemjua kachimba msingi futi moja na nusu. Kiangazi udongo unasinyaa, mvua zikija unavimba, nyufa zinapitisha kiganja.

Fundi Mwiko: Mweusi unatolewa wote mpaka ufike pagumu. Kisha moramu, ule udongo wa changarawe, inchi sita sita, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Ukijaza kwa mkupuo, chini hakushiki.

Kengele: Na maji ya bati yasimwagike jirani na msingi.

Bawaba: Lori la moramu siku hizi bei gani?