Family Guy kwa mtoto wa miaka 9: ni katuni tu au nimzuie?

Mama_Wawili

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika kabisa. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na kwa muda sasa amekolea na katuni inaitwa Family Guy, ile ya baba mnene mwenye miwani, shati jeupe na suruali ya kijani, kuna mbwa mweupe anaongea na kuna katoto kachanga kana kichwa kama mpira wa ragbi. Ukipita sebuleni unaona rangi rangi, familia imekaa kwenye kochi, mara wanaimba, huoni cha kukushtua unaendelea na shughuli zako.

Sasa kilichonishtua sio tusi, maana tusi sijamsikia nalo. Ni anavyomjibu dada yake. Dada yake ana miaka 13, tukiwa mezani kila akifungua mdomo huyu mdogo anamkata "nyamaza Meg", afu anatuangalia mmoja mmoja kama anasubiri na sisi tucheke. Dada yake haitwi Meg. Nikamuuliza Meg ni nani, akanijibu bila wasiwasi "ni yule dada kwenye katuni ambaye hakuna anayempenda". Binti yangu alinyanyuka akaenda chumbani.

Baba yao anasema ni katuni tu, itapita. Mdogo wangu anasema nifute kila kitu kwenye tivii. Mi nataka niamue nikiwa najua naamua nini, sio kwa woga. Wanaoijua vizuri hii katuni, ni ya umri gani hasa na ubaya wake uko wapi? Msinifiche.

Nahodha_Mzee

Dada pole, na vizuri umeuliza kabla ya kugombeza mtu. Jibu fupi, sio ya watoto na haikutengenezwa kwa ajili yao. Ilianza Januari 1999 Marekani kwenye chaneli ya Fox, mtunzi wake ni Seth MacFarlane, ambaye pia ndo anatoa sauti ya baba (Peter), ya mbwa (Brian), ya katoto (Stewie) na ya jirani yao Quagmire, na tangu mwanzo walengwa ni watu wazima.

Wamarekani tangu 1997 wana alama za umri kwenye vipindi vya tivii, zinatokea kwenye kona ya skrini kipindi kikianza. Family Guy mara nyingi inabeba TV-14, maana yake mzazi anaonywa kwa mkazo kwamba kuna mambo yasiyomfaa mtoto wa chini ya miaka 14. Pembeni ya namba wanaweka herufi, D ni mazungumzo yenye kudokeza ngono, L lugha chafu, S mambo ya ngono, V ukatili, na kwa katuni hii ni kawaida kukuta herufi zaidi ya moja zimepangana. South Park, katuni nyingine ya Marekani, iko juu zaidi, hiyo wameipa TV-MA yani ya watu wazima hasa. Uingereza DVD za Family Guy zimepewa 15, yani ni za kuanzia miaka 15. Kwaiyo huko ilikotoka hakuna mamlaka inayosema mtoto wa miaka 9 ndo mtazamaji wake. Na ujue Marekani alama hizi wanaozitoa ni wenye chaneli wenyewe, mi huwa nazichukulia kama kiwango cha chini, sio neno la mwisho.

Ndani yake kuna nini sasa. Kuna Quagmire, ambaye karibu utani wake wote ni kuwawinda wanawake, na mara nyingine sio kwa ridhaa yao, na hapo ndo mtazamaji anatakiwa acheke. Kuna mbwa mlevi. Misimu ya mwanzo katoto Stewie kanapanga kumuua mama yake. Kuna ugomvi wa Peter na kuku mkubwa wa kimo cha mtu, wanapigana wanabomoa mji mzima wanatoka damu, afu Peter anarudi nyumbani anaendelea na mazungumzo aliyoyaacha. Na utani mwingi wa kabila, dini, ulemavu.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni namna inavyotungwa. Hadithi inaenda vizuri tu, ghafla mmoja anasema "hii ni kama siku ile nilipo..." na wanachomeka kipande cha sekunde chache ambacho hakihusiani na chochote, na uchafu mwingi unakaa humo. Ndo maana unaweza kupita sebuleni mara kumi na usione kitu, au ukakaa dakika tano ukaridhika, cha dakika ya sita ndo kingekutoa kwenye kiti. Kaa uangalie epsodi nzima, mwanzo mpaka mwisho, ukiwa peke yako kwanza.

Bundi_wa_Usiku

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwamba miaka 9 hapana, ila naomba tusiitupe kama takataka maana kuna watu humu tunaipenda kwa dhati. Ile katuni kwa mtu mzima ina akili, inawachoma wanasiasa, inachoma matangazo ya biashara, inachoma unafiki wa familia zinazojifanya safi mbele za watu, na mziki wake unapigwa na okestra ya kweli sio kompyuta, nyimbo zinatungwa kwa ustadi ambao vipindi vingi vya watu halisi havina. Shida ni kwamba kuchoma huko kunahitaji anayeangalia ajue kinachochomwa ni nini. Mtoto hajui siasa wala lile tangazo la zamani linalobezwa pale. Ukimwondolea hivyo vyote anabakiwa na nini? Anabakiwa na baba anayejamba, watu wanapigana na binti anayetukanwa. Yani anaangalia kipindi kingine kabisa tofauti na ninachoangalia mimi.

Na hili la "ni katuni tu" mwambie shemeji kwa upole kuwa kuchorwa sio umri. Wamarekani wameonyesha katuni saa za usiku kwa watu wazima na familia tangu The Flintstones mwaka 1960, afu The Simpsons ikaja 1989 na ndo ikafungua mlango kwa hizi zote tunazoziona saivi. Kuna katuni za vichekesho, za vita, za huzuni, zimechorwa tu badala ya kuigizwa.

Ila kuzizuia zote kwa pamoja sioni kama ni sawa. The Simpsons nayo imetungwa kwa watu wazima, lakini Homer, baba wa humo, akimuumiza mwanae au mkewe mara nyingi hadithi inarudi hapo, unaona binti yake Lisa ameumia, unaona mkewe Marge amechoka, na mtu anaomba radhi. Mimi mtoto wa umri huo ningekaa nae tukaangalia baadhi ya epsodi zake, pamoja, sio peke yake. Family Guy kwa Meg hairudi. Wanamwonea, wanacheka, epsodi inaisha.

Na usimpokonye kwa kelele, ukimpokonya kwa kelele ataitafuta kwa mwenzake.

Mwalimu_K

Bundi amegusa nilichotaka kusema, nami nafundisha watoto wa umri huo huo kwaiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Mama Wawili, wazazi wakikagua kipindi wanahesabu matusi na uchi. Navyo vina uzito wake. Lakini tusi mtoto analijua ni tusi, akilisema anaangalia kwanza kama mtu mzima yuko karibu. Dharau hailindwi hivyo. Mwanao amesema "nyamaza Meg" mbele yenu nyote, mezani, akisubiri mcheke, kwa sababu alichojifunza ni kwamba hicho ni kichekesho cha familia na kila familia ina mtu wa kuchekwa. Hakujua anafanya ubaya. Mimi hilo linanipa wasiwasi kuliko neno lolote chafu ambalo angelitamka, na pia linanipa matumaini, maana kitu alichofanya hadharani kinarekebishika hadharani.

Watunzi wanaweza kujitetea kwamba wanaochekwa ni wazazi wakatili na sio Meg, na kwa mtu mzima utetezi huo una mashiko. Mtoto wa miaka 9 anaweza kutambua kwamba mtu anatania na hamaanishi anachosema, hapo wengi wameshafika. Lakini kutambua kwamba mtunzi amemweka Peter pale ili tumwone Peter mbaya, huku Peter mwenyewe ndo mwenye vichekesho vyote na ndo anayependwa, hiyo ni hatua nyingine mbele na inakuja taratibu. Mtoto anamfuata anayechekesha. Nani anataka kuwa Meg?

Kuhusu kwamba ni michoro tu haina madhara, kuna jaribio maarufu la mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake kule Stanford. La kwanza la 1961 watoto wadogo walimwona mtu mzima akilipiga na kulitukana dude kubwa la kupulizwa. Lililochapishwa 1963 ndo linatuhusu hapa, waligawa watoto, wengine wakamwona mtu mzima mwenyewe, wengine wakamwona kwenye filamu, na wengine wakaonyeshwa filamu ya mfano wa katuni, mtu amevaa kama paka mweusi kwenye mandhari ya rangi rangi. Waliotazama filamu, wakiwemo wa yule paka, walionyesha ukali karibu mara mbili ya watoto ambao hawakuonyeshwa kitu. Sasa tuwe wakweli, lile dude limetengenezwa lipigwe, na kumpiga mdoli sio kumpiga mwenzako, na wale watoto walikuwa wadogo kuliko wako, kwaiyo simwambii mtu kwamba Family Guy itamfanya mwanae mkatili. Ninachosema ni kwamba kuvaa sura ya katuni hakukuzuia kuigwa.

Kwa hiyo ningeanza na binti, kabla hata ya rimoti. Binti wa miaka 13 aliyenyanyuka mezani anahitaji kusikia baba na mama wakisema mbele ya mdogo wake kwamba hapa ndani hakuna Meg. Baba hasa. Afu mkae na kijana, muulize Meg alifanya kosa gani. Usimpe jibu, mwache atafute. Ataangaika, maana jibu halipo, Meg hajafanya kitu. Hapo ndo mazungumzo yanapoanzia.

FundiSetingi

Mmeongea vizuri sana ila mnajadili kama vile mtoto anakaa sebuleni anaangalia epsodi ya dakika 20. Wengi hawaangalii hivo saivi. Muulize anaiona wapi. Kuna uwezekano mkubwa ni klipu fupi kwenye simu, zile za kuskroli, juu wamekata kipande cha Family Guy na chini wameweka mtu anacheza gemu la kukimbia, sekunde 40 au dakika moja, ikiisha inakuja nyingine. Zile ni mbaya zaidi kwa mtoto kwa maoni yangu, kwanza hazina alama yoyote ya umri, zile TV-14 na herufi zote zinakatwa, pili anayekata anachagua kipande kikali zaidi ndo kipate laiki, kwaiyo hata kile kidogo cha hadithi kinachoeleza kwanini watu wamegombana hakipo, na tatu simu inajifunza haraka anachopenda inamletea nyingi zaidi.

Sasa cha kufanya kwenye vifaa. Kama ni Disney+, jina la Disney lisikutulize, nje ya Marekani tangu 2021 wameweka humo humo vipindi vya watu wazima na Family Guy ipo kwenye nchi nyingi. Ingia kwenye profaili ya mtoto weka kiwango cha umri, afu profaili yako na ya baba mziwekee pini, wazazi wengi wanasahau hii ya pili na mtoto anabonyeza tu profaili ya baba. Netflix nayo ni hivyo hivyo na kuna sehemu ya kuzuia kipindi kimoja kimoja kwa jina. Pini isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

Kwenye simu ni kazi kidogo. Kuna programu ya YouTube Kids, inapunguza sana ila haizibi kila kitu. Kwenye YouTube ya kawaida futa historia ya alivyotazama, bila hivyo zitarudi tu hata ukimkataza, na kila klipu ikitokea bonyeza sipendezwi na hii. Hizo programu za video fupi zenyewe kwa kawaida masharti yao yanataka mtoto awe na miaka 13, kwa wa miaka 9 mi ningeitoa kabisa kwenye kifaa chake.

Mama_Wawili

Ahsanteni sana, mmenifungua. Nimekaa na baba yao tukaangalia epsodi nzima watoto wamelala. Hakusema kitu mpaka ilipofika sehemu ya Quagmire, akaizima mwenyewe. Na Fundi umesema kweli, nimemuuliza kijana kasema nyingi anaziona kwenye tableti, zile zenye gemu chini.

Hilo la Meg alifanya kosa gani nimemuuliza. Alisema "ana sura mbaya". Nikamwambia hilo ni kosa? Akanyamaza, akasema "anavaa kofia". Hatujamaliza, ila baba yao ameongea nae mbele ya dada yake na dada yake alikuwepo kusikia.

Swali langu la mwisho, huyu binti wa miaka 13 sasa anasema kama mdogo wake aliiona yeye kwanini asiione. Nae nimkatalie?

Mwalimu_K

Kwa umri wake namba haiko mbali, kwaiyo nisingemkatalia kwa sababu ya namba. Ningeangalia anataka kuiona kwa nini. Amekuwa akiitwa Meg ndani ya nyumba yenu, nadhani anataka kujua alikuwa anaitwa nani. Mwonyeshe, ukiwa umekaa nae, epsodi uliyoiangalia kwanza, na zile za Quagmire ziruke. Akitaka kuizima katikati izimeni. Akicheka mahali mwache acheke, kuna sehemu zinachekesha kweli.

Bundi_wa_Usiku

Naunga mkono. Na kama mnatafuta pa kuanzia, zile epsodi Stewie na Brian wanasafiri wawili tu zina nyimbo na hadithi kuliko matusi, japo hazikosi kabisa kwaiyo pitia kwanza. Ya Meg mngeiacha mpaka aiombe mwenyewe.