MREJESHO: Walimu waliogoma kutembeleana madarasani

Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili niliomba ushauri hapa: nimepewa ukuu wa shule ya msingi, walimu 11, kila mmoja na darasa lake kama shamba lenye uzio. Nikiingia kuangalia somo, mtu anaandika ubaoni kwa adabu zote, nikitoka anarudi kwenye simu.

Mdau mmoja alisema, "Mkuu, anza wewe kukaguliwa." Niliona ni dharau. Lakini nikafanya. Nikafundisha kugawanya, darasa la nne, walimu wanne wamekaa nyuma. Nilivurunda! Vijiti vya kuhesabia havikutosha, watoto wa nyuma wakaanza kupigana ngumi. Kikao cha baadaye kilijaa kicheko, na hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Sasa jumuiya ya kujifunza, ile ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ambayo kwetu ilikuwa ni muhtasari wa kikao tu kwenye faili, inakaa kila Alhamisi saa nane. Tunaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanaangalia watoto, sio mwalimu. Hilo la kuangalia watoto ndilo lililoondoa hofu.

Darasa la tatu tulikuwa na 23 wasiojua kusoma, wamebaki 9. Mwalimu mmoja bado hataki kabisa, nimemwacha kwanza. Wazazi nao ni mtihani mwingine: kikao cha kujadili uji wa wanafunzi walikuja saba.

Aliyefanikiwa kwenye hilo la uji anijuze.