Naomba ushauri: mafao ya marehemu baba, Reli ya Afrika Mashariki

Mwana wa Tabora: Habari za jioni wakuu. Marehemu baba aliajiriwa Reli 1966, karakana ya Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 akarudi Tabora na begi la nguo na barua zake za kazi. Sasa kuna mtu anasema madai ya wale wazee waliofanya kazi Jumuiya bado yapo, atatufuatilia, ila kwanza laki nane za kufungulia faili. Nimpe? Mama anaumwa, usingizi sina.

Koleo: Usitoe hata mia. Huyo tapeli.

Mama Kuruthumu: Pole mwanangu. Mjomba wangu alikuwa Posta enzi hizo. Walihangaika Dar na wenzake mpaka wengine wakafia kwenye kudai. Alipopata hundi alinunua ng'ombe wawili na kitanda cha chuma, na ng'ombe wale ndio wamesomesha wajukuu. Tuwaenzi wazee wetu.

Karani Mstaafu: Tuanzie kwenye msingi. 2005 wazee walielewana na serikali Mahakama Kuu, malipo yakafuata. Mzee alikuwa hai? Alilipwa? Msimamizi wa mirathi ni nani?

Mwana wa Tabora: Alilipwa, ila mpaka anafariki alisema ni pungufu. Msimamizi nitakuwa mimi. Muhtasari wa kikao cha ukoo tumeshasaini.

Karani Mstaafu: Watoto wote wamo?

Mwana wa Tabora: Wa Tabora wote.

Karani Mstaafu: Sijauliza wa Tabora.

Mwana wa Tabora: Kuna dada wawili Voi, aliwazaa akiwa Kenya. Huyo jamaa alisema majina yakizidi faili linachelewa. Halafu kwa makubaliano ya 1984 kila nchi ilibeba mafao ya raia wake. Baba Mtanzania, wao Wakenya. Wanahusikaje?

Mama Kuruthumu: Damu ya baba yenu hiyo! Mungu anaona.

Karani Mstaafu: Makubaliano yale yalihusu nchi ipi imlipe mzee. Nani anamrithi mzee ni habari nyingine kabisa. Ukienda kuapa kwamba warithi ni nyinyi tu, umeapa uongo.

Kalamu Nyekundu: Mnachezewa akili. Jumuiya imeanza 1967, huyo baba aliajiriwaje 1966? Kisa cha kutunga hiki.

Shedi ya Treni: Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilikuwapo tangu 1948, mkoloni bado yupo. 1967 ni mkataba wa Jumuiya. Bandari ikatengwa na reli 1969.

Kalamu Nyekundu: Sawa. Basi ataje namba ya kazi ya mzee.

Koleo: Uitakie nini? Au laki nane ni zako?

Shedi ya Treni: Injini ya mvuke 5918, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi hadi leo. Mlima wenyewe uko kwetu Tanzania. Kama mzee alikuwa karakana pale, huenda aliishika kwa mikono yake.

Mwana wa Tabora: Sijatunga. Namba ya kazi iko kwenye barua, na barua anazo yule jamaa. Nilimpa zote, na laki mbili za kuanzia.

Karani Mstaafu: Barua halisi? Kesho asubuhi kazichukue, nenda na mtu mzima wa ukoo. Muhtasari ule usiufikishe mahakamani. Itisheni kikao upya, Voi wapigiwe.

Mwana wa Tabora: Barua nitazifuata. La Voi siwezi, mama hajui kama wapo.