Naanza kazi ya kol senta Jumatatu, anime na blogu yangu niviweke wapi?

Binti_Mkolani

Habari za jioni wadau, wakubwa zangu shikamooni. Nina jambo naombeni mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani kila ninayemwambia ananijibu "kazi kwanza" alafu mazungumzo yanaishia hapo.

Nilimaliza chuo mwaka juzi, nimekaa mtaani, nimeuza vocha, nimemsaidia mama biashara ya vitenge, juzi nikapigiwa simu kwamba nimepita usaili wa kol senta hapa Mwanza mjini, upande wa huduma kwa wateja wa laini za simu na kutuma pesa. Jumatatu naanza trening ya wiki tatu, baada ya hapo ni shifti za kuzunguka, asubuhi, mchana na usiku. Namshukuru Mungu sana, mama alilia kabisa.

Sasa jambo lenyewe. Mi ni mtu wa anime, zile katuni za Kijapani, toka niko darasa la tano, kaka yangu alikuwa analeta kwenye flashi kutoka kibanda cha kuingiza muvi pale Nyegezi stendi, tunaangalia kwenye tivii ndogo mpaka luku inaisha. Miaka miwili iliyopita nikafungua blogu, ya bure tu, naandika Kiswahili Jumapili nikipata nafasi. Siandiki sana nani kampiga nani, naandika kuhusu sauti, wale wanaowawekea wahusika sauti kule Japani wanaitwa seiyuu, namsikiliza mtu mmoja huku anacheza mtoto wa miaka sita na kwenye anime nyingine ni bibi kizee, alafu naeleza nilichokisikia. Posti 61 mpaka leo. Wasomaji si wengi ila wapo, kuna mmoja wa Musoma na mwingine wa Mombasa, Jumapili wasipoona kitu wananiuliza kama naumwa.

Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi kama hii mkoa mwingine kaniambia utarudi nyumbani hutaki kusikia sauti ya mtu yeyote, hata ya mama yako. Hilo ndo limeninyima usingizi. Kusikiliza kukishakuwa kazi, nitaweza bado kusikiliza kwa kupenda? Na hii blogu niwaambie kazini au ninyamaze? Alafu shifti za usiku mnaishije nazo, mi nakaa Mkolani na daladala za Buhongwa mnazijua wenyewe usiku zinavyopotea.

Hedseti_Kuukuu

Marahaba mdogo wangu na hongera. Kiti hicho nimekikalia miaka mitano kwahiyo nitakuambia nilichokiona mwenyewe.

Rafiki yako hajakudanganya ila hajamaliza. Wiki za mwanzo ukitoka kweli hutaki kusikia kitu, mi nilikuwa nashuka Mkuyuni namalizia safari kwa miguu sababu redio ya kwenye daladala ilikuwa inanichoma masikio. Lakini baadae nikagundua kinachonichosha ni kuongea siku nzima maneno niliyoandikiwa. Asante kwa kupiga, unaongea na fulani, nikusaidie nini, na tena, na tena, siku zenye foleni ndefu nilikuwa nafika simu 100. Unampa mtu pole ya kwenye skripti wakati pole yako mwenyewe ipo kooni na huna nafasi ya kuitoa kwasababu kuna muda wa kushika simu unapimwa, ukizidisha timu lida anakuja kusimama nyuma yako. Mi sikuwa na blogu, nilikuwa na kwaya, na nakuambia kwa dhati ile kwaya ya Jumamosi ndo ilinibakizia sauti yangu. We usiache kuandika.

Sasa vitu vidogo ambavyo kwenye trening hawatakuambia. Hedseti ni za pamoja, anayetoka anamwachia anayeingia, nunua sponji zako za kuvalisha masikioni uziweke kwenye kimfuko chako, usipofanya hivyo mwezi wa kwanza tu sikio litawasha. Maji kunywa ya uvuguvugu, ya friji yanakaza koo. Sauti ya hedseti usiipandishe mpaka mwisho hata kama mteja humsikii vizuri, muombe asogee pasipo na upepo, wengi wanaopiga toka visiwani wanapiga wakiwa mwaloni kabisa, unasikia mashine za mitumbwi na watu wanagombania bei ya dagaa. Ukitaka kukohoa zima maiki kwanza.

Upande wa anime, episodi ni kama dakika 24, ukiruka wimbo wa mwanzo na wa mwisho, kila mmoja sekunde 90, unabaki na 21, kwahiyo kwa hesabu inaingia kwenye mapumziko ya chakula. Ila nakusihi usifanye hivyo. Sikio lile lile limetoka kwenye hedseti unaliingiza kwenye iafoni, litakuchukia. Mi mapumziko nilikuwa nashuka mpaka upande wa Kamanga nasimama naangalia kivuko kikipakia magari, simu mfukoni, siongei na mtu. Dakika 20 za hivyo zilikuwa zinanirudisha.

Na ndefu ziache kwanza. One Piece inaenda toka 1999, episodi zimeshapita 1,100, hizo ni saa 440, yaani karibu wiki kumi za kazi kamili. Chukua zile za episodi 12 au 13, hazifiki masaa sita, siku moja ya ofu unaimaliza na unapata cha kuandika.

Kaka_wa_Igoma

Mi naomba nitofautiane kidogo na mkuu hapo juu. Dada yangu, miezi sita ya mwanzo blogu iweke pembeni. Sikatai kipaji chako ila kazi za mjini hapa si unajua zilivyo.

Nina jamaa yangu alikuwa kol senta, sehemu siitaji, siku moja mteja alimpigia akamueleza mkasa wa pesa iliyoenda namba siyo, mkasa wa kusikitisha kweli, jamaa jioni akauandika kwenye ukurasa wake. Hakutaja jina. Ila alitaja kijiji, kiasi cha pesa na kwamba ilikuwa ya mahari. Kijijini kuna mahari ngapi wiki moja? Siku ya tatu ndugu wa mteja wameshauona, siku ya nne kaitwa ofisini, na alikuwa hajamaliza hata miezi minne. Mpaka leo anasema alitaka tu watu wajue kutuma pesa wahakikishe jina kwanza kabla ya kuweka namba ya siri, nia yake ilikuwa nzuri na namwamini. Lakini kazi iliondoka.

Kalamu_Nyamagana

Kaka wa Igoma kagusa penyewe, ila dawa yake naona ni kali kuliko ugonjwa. Mi si wakili, ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwetu, haya mambo nayasoma sana kwa ajili ya wenzangu.

Kwanza kweli miezi sita ya mwanzo ni ya kuwa makini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ile kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mwenye ajira ya chini ya miezi sita. Pili taarifa za mteja, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, kwahiyo mambo ya mteja hayatoki ofisini hata ukiwa umeyazungusha, na kuficha jina tu hakutoshi kama mtu bado anatambulika. Weka mstari wako mwenyewe: chochote kilichopita kwenye hedseti hakiingii kwenye blogu, hata kama ni kichekesho, hata kama mteja mwenyewe anacheka. Kwenye mkataba angalia kama kuna kifungu cha kazi za nje au mitandao ya kijamii, kama kipo waambie HR kwa maandishi una blogu ya burudani, siku ya kwanza, kabla mtu hajawapelekea habari kwa namna yake.

Kuhusu blogu yenyewe, wazee wa blogu wanakumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, leseni ilikuwa inafika kama milioni mbili na wengi walifunga. Zikaja nyingine 2020 na marekebisho 2022. Siku ukitaka kuweka matangazo ya kulipwa soma kwanza toleo la sasa kwenye tovuti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Na hili la usiku hukuuliza vizuri ila ni lako. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza, angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki. Ukifanya zaidi ya masaa matano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima. Na kati ya shifti na shifti masaa 12, kwahiyo wakikutoa saa 4 usiku wakakupangia saa 1 asubuhi uliza kwa heshima, ni masaa tisa hayo. Mabinti wengi wapya wanaogopa kuuliza wanaishia kusinzia kwenye bajaji, jambo ambalo mimi linaniumiza sana.

Sato_wa_Nansio

Jamani kumbe ni wewe!! Mi ni msomaji wako, niko Ukerewe, sijawahi kukomenti hata siku moja. Ile posti ya pumzi, ulivyoeleza yule mhusika anavuta pumzi kidogo kabla ya kusema amesamehe na kwamba hiyo pumzi ndo inaonyesha hajasamehe, nilirudi kuangalia ile sehemu mara nne. Tafadhali usiache, nakuomba.

Nikuambie kitu labda kitakusaidia. Yule seiyuu Megumi Hayashibara unamjua kuliko mimi, alisoma unesi huku anasomea kuweka sauti kwa wakati mmoja, na vyote akavimaliza. Na Masako Nozawa kazaliwa 1936, sauti ya Goku wa Dragon Ball kaianza 1986 na kaendelea nayo akiwa bibi wa zaidi ya miaka 80. Hawa watu walikuwa na ratiba ngumu na bado wanasikika.

Kuhusu muda, Japani wako mbele yetu masaa sita, anime nyingi mpya wanazirusha usiku wa manane kwao, saa 7 usiku kwao ni saa 1 jioni kwetu, kwahiyo ukiwa shifti ya mchana utazikosa zikitoka mbichi. Lakini we hujawahi kukimbizana na mtu. Wanaoandika matukio ndo wanakimbizana, posti baada ya masaa mawili imeshachacha, zako mi nazisoma za mwaka jana. Kwahiyo ukiandika mbili siku ya ofu, moja unaipanga ijitoe yenyewe Jumapili inayofuata, sisi huku hatutajua hata kama umelala. Na mawazo yakikujia njiani jirekodi kwenye simu sentensi mbili tatu, mi ndo nafanya hivyo nikiwa kwenye meli, nikifika nishasahau nilichotaka kusema ila sauti ipo.

Kaka_wa_Igoma

Sawa, nimesoma maelezo ya Kalamu, narudi nyuma hatua moja. Andika dada, ila ule mstari usiuvuke. Na usiandike ukiwa umetoka kutukanwa na mteja, siku hiyo lala kwanza.

Binti_Mkolani

Wakubwa zangu nimerudi, samahanini kwa ukimya, trening imeisha na nimeshakaa kwenye simu za kweli siku tisa. Nimesoma majibu yote zaidi ya mara moja, mengine nimemsomea mama.

HR niliwaandikia siku ya kwanza kama Kalamu alivyosema, dada wa pale akaniuliza blogu ya nini, nikamwambia sauti za katuni za Kijapani, akasema sawa akaniomba linki ampe mwanae. Sponji nimenunua Makoroboi jozi tatu. Usafiri wa usiku tumejipanga watatu tunaoelekea njia moja, tunachukua bajaji moja tunachangia, mimi ndo wa mwisho kushuka na dereva anasubiri mpaka nifunguliwe geti.

Na lile swali langu la kusikiliza. Simu ya mteja sitaisema ni ya nani wala ya nini, nitasema tu la kwangu. Siku ya pili kwenye simu za kweli mtu alimaliza kueleza shida yake, skripti ikaniambia sasa soma sentensi ya pole, kidole kiko tayari kwenye kioo, alafu nikasikia amevuta pumzi. Ndogo sana. Mi najua ile pumzi, nimeiandikia posti nzima. Nikanyamaza. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na kweli akaendelea, na kile alichokisema baada ya hapo ndo kilikuwa shida yenyewe, cha mwanzo kilikuwa utangulizi. Kama ningesoma ile pole angekata simu na angepiga tena kesho.

Ijumaa watu wa ubora wakanichezea ile rekodi wakaniuliza kwanini kuna ukimya wa sekunde tatu. Nikawaambia alikuwa hajamaliza. Wakairudisha nyuma, wakasikiliza mara ya pili, yule kaka akavua hedseti akamuita mwenzake aje asikie.

Ni kweli nikirudi nyumbani nusu saa ya mwanzo sitaki kuongea, mama ameshajua, ananiwekea chakula ananiacha. Baada ya hapo nipo sawa. Posti ya 62 ilichelewa ikatoka Jumapili saa 12 jioni na wa Musoma alishauliza kama naumwa. Sato nimefurahi mpaka nimeshindwa kukujibu, nitakuandikia pembeni. Wiki hii niko usiku, ya 63 nimeshaimaliza leo asubuhi kabla sijalala, nimeipanga itoke Jumapili saa 3 asubuhi.