Mafuta ya jua ya usoni kwa ngozi yenye chunusi, hapa Moshi, kwa bei ya kawaida

Kutoka: Dada wa Leeds (kwa sasa Moshi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mwaka mpya.

Niko nyumbani tangu wiki ya Krismasi na nitakuwepo Moshi hadi mwisho wa Machi, namuuguza mama. Hii si ile safari ya kushinda kihambani wiki mbili na kuondoka. Kila siku niko njiani: Kibosho kwenda hospitali ya KCMC, KCMC kwenda Mbuyuni sokoni, na mara nyingi ni bodaboda saa sita mchana. Uso umeharibika. Wiki ya kwanza kila jioni ulikuwa wa moto, unavuta kama ngozi ya ngoma, kisha ukaanza kubanduka puani na kwenye paji. Nikaingia duka la dawa, nikanunua losheni ya jua ya kwanza niliyoonyeshwa, nzito, inanukia waridi. Siku chache baadaye chunusi zikanijaa kidevuni na mashavuni, zile za ndani zinazouma hata ukilalia mto. Na nikiipaka nakuwa mweupe kama nimetoka mashine ya kusaga. Mama kitandani akaniuliza, "Mwanangu, umejipaka unga?"

Ngozi yangu ni ya chunusi tangu ujana, na kila moja ikipona inaniachia doa jeusi linalokaa miezi. Naomba mwenye uzoefu anielekeze. Nataka isiyoniletea chunusi, isiyoniacha mweupe, na isiyokula hela ya dawa za mama. Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Kutoka: Kaka wa Hamburg

Pole sana dada, na mama apate nafuu. Mimi nimekulia Pasua, tumecheza mpira juani miaka yote na hatukuwahi kupaka kitu zaidi ya Vaseline. Ngozi nyeusi ina kinga yake aliyoiumba Mungu. Vaa kofia, hiyo hela mnunulie mama matunda.

Kutoka: Mama mfamasia, Moshi

Kaka yangu, la kofia nakuunga mkono kabisa, la kinga ni kweli nusu. Weusi wetu unatukinga zaidi kuliko mweupe, lakini hauzuii yote, na hauzuii madoa. Chunusi ikipona juani, lile doa linakolea na kuchelewa kuondoka. Ngozi nyeusi ndiyo inayoteswa zaidi na jambo hili, na ndilo analolalamikia dada.

Ila dada, kabla sijakutajia chupa yoyote nijibu mawili. Unameza dawa gani ya kuzuia malaria? Na usoni unapaka nini kingine, usiku na asubuhi?

Kutoka: Dada wa Leeds

Shikamoo mama. Nameza doxycycline kila siku, niliandikiwa kliniki ya wasafiri kabla ya kuja. Usiku napaka adapalene ya chunusi niliyotoka nayo kule. Asubuhi napaka mafuta ya nazi ya shangazi kidogo ili uso usipauke, ndipo losheni ya jua juu yake.

Kutoka: Mama mfamasia, Moshi

Marahaba mwanangu. Basi una shida mbili, na ulikuwa unaziona kama moja.

Ya kwanza ni kuungua. Doxycycline inaifanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida yake. Naliona kila Desemba kwa ndugu zetu wanaotoka nje. Mtu aliyezaliwa hapa, amekaa Ulaya miaka kumi, anarudi na vidonge vyake vya malaria, na wiki haijaisha anasema jua la Moshi limebadilika. Hata weusi wake haumsaidii sana hapo, na kwetu kuungua hakuonekani kwa wekundu: ni joto, kuvuta na kubanduka, kama ulivyoeleza. Na adapalene nayo inaacha ngozi ikiwa laini na nyepesi kukereka. Usiache dawa ya malaria kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari umwambie unaungua, kwa sababu ipo nyingine, ya mchanganyiko wa atovaquone na proguanil, isiyosumbuana na jua hivyo, ingawa bei yake ni kubwa. Ukibaki na doxycycline, kumbuka utaendelea kuimeza wiki nne baada ya kuondoka huku, kwa hiyo kinga uende nayo hadi Leeds. Adapalene pumzika nayo mpaka uso uache kubanduka, kisha uirudie usiku mmoja mmoja.

Ya pili ni chunusi, na hapo nashuku zaidi mafuta ya nazi na ile losheni nzito. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na mikono, lakini kwa uso unaotoka chunusi yanaziba vitundu vya ngozi. Tena ukiyatanguliza, losheni ya jua haishiki sawasawa, inateleza na kukaa kwa mabaka. Yaondoe usoni kabisa. Na dodoki usilipitishe usoni, nawa kwa mikono na sabuni isiyo kali, jioni usiruke, maana vumbi la bodaboda likichanganyika na losheni na jasho likalala na wewe, hakuna chupa itakayokusaidia.

Sasa kuchagua. Dukani usianze na jina, geuza chupa usome nyuma. Tafuta SPF, yaani namba ya kinga ya jua, 30 au zaidi. Tofauti ya 30 na 50 si kubwa kama bei inavyotaka uamini: ya 30 inazuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, ya 50 asilimia 98. Lakini kwa kuwa watu wengi tunapaka kidogo kuliko inavyopaswa, na wewe una doxycycline, ukiipata ya 50 kwa bei ileile ichukue. Namba hiyo ni hasa ya mionzi ya UVB, hiyo inayounguza. Kwa UVA, inayokoleza madoa, angalia alama: za Ulaya zina herufi UVA ndani ya duara, za Korea na Japani zina PA na alama za kujumlisha, nyingi ndiyo bora, na kwenu Uingereza nyingine zina nyota hadi tano. Isiyo na alama yoyote ya UVA iache dukani hata kama ni rahisi.

Kisha manukato. Ngozi inayokereka haitaki waridi wala limau. Iwe isiyo na harufu iliyoongezwa. Kuhusu weupe, zenye zinki oksaidi na titani dioksaidi ni pole kwa ngozi lakini ndizo zinazotupaka unga sisi. Ukipata ya zinki yenye rangi ya kahawia, rangi hiyo ni oksaidi ya chuma, nayo inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao pia unakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Ikioana na rangi yako ni neema. Isipooana, chukua zile za majimaji zenye vichujio vya mionzi vya kisasa, zinapotea usoni. Maandishi kwamba haizibi vitundu yasome kwa moyo mkunjufu lakini usiyaamini kama cheti, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote.

Na hili nalisema kwa uchungu: losheni ya jua yenye ahadi ya kukung'arisha, usiiguse. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, lakini mkorogo bado unapita kwenye mifuko. Nahudumia mabinti waliopaka krimu za steroidi usoni, betamethasoni au klobetasoli, wakidhani ni za kutoa madoa. Mwezi wa kwanza uso unang'aa. Baadaye ngozi imekuwa karatasi na chunusi zimejaa kuliko mwanzo. Mtu akikuambia dukani "chukua hii ya kuchanganya", aga utoke.

Kutoka: Mama wa Njiro, Arusha

Habari zenu. Huwa nasoma tu humu, lakini hili limenigusa.

Nilirudi Arusha kutoka Denmark na mwanangu wa pili ana ualbino. Nyumbani kwetu losheni ya jua haikai kwenye kabati la vipodozi, inakaa mezani pamoja na chumvi. Kwa hiyo nimejifunza mambo ya bei kwa lazima.

Kwanza kiasi. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya losheni, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Hiyo ni kama mililita moja na robo. Kichupa cha mililita 50 kinatoa basi mipako 40, na ukipaka mara mbili kwa siku kinaisha kwa siku 20. Watu wanajisifu kwamba kichupa kimekaa nao mwaka mzima. Maana yake hawajawahi kupaka. Ndiyo maana mimi kabla ya kununua nagawa bei kwa mililita. Kichupa cha mililita 50 kwa shilingi 40,000 ni shilingi 800 kila mililita. Chupa ya mililita 200 kwa 60,000 ni 300. Ile ya usoni na ile ya mwili mara nyingi tofauti ni uzito na kava tu. Ukipata ya mwili iliyo nyepesi, isiyo na manukato, uso wako hautajua.

Pili jua lenyewe. Leeds unapaka likiwaka. Huku usisubiri liwake. Tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama kwa kumi katika mia. Julai hapa tunavaa masweta, wingu limeifunika Meru siku nzima, na mwanangu aliwahi kuungua mabega siku ya namna hiyo. Sitaisahau. Machi yako, dada, jua litapita utosini kabisa. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta ukuta au mgomba. Kanga mabegani, kofia yenye ukingo mpana, na mwavuli. Watu watakutazama ukitembea Double Road na mwavuli bila mvua. Waache watazame. Mwavuli unanunua mara moja na hautoi chunusi.

Nguo na kivuli vifanye kazi kubwa, losheni imalizie pale pasipofunikika. Ukifanya hivyo hata hela inakaa.

Mtasikia pia habari za losheni ya jua ya Kilisun. Inatengenezwa hapohapo Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilichoanza 1992, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wanapewa bure. Naomba kwa heshima msiende kuiulizia kwa matumizi ya kawaida wala msiinunue mkiiona mtaani, maana kila chupa inayotoka pembeni imetoka kwenye bega la mtoto kama wangu. Mkitaka kusaidia, mlioko Uingereza kuna losheni ya jua ya Altruist, iliyoanzishwa na daktari wa ngozi, bei yake ni ya watu wa kawaida, na wanasaidia watoto wenye ualbino Afrika. Mimi naletewa hiyo na shemeji kila akija.

Kutoka: Kaka wa Hamburg

Mama wa Njiro, asante, nimesoma mara mbili. Nafuta neno langu kuhusu Vaseline. Nakuja Pasaka, nina kilo za ziada kwenye begi. Niambieni nibebe nini.

Kutoka: Mama mfamasia, Moshi

Ubarikiwe kaka. Lete zisizo na manukato, SPF 50, na soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, si zile za kumaliza msimu zilizobakiza miezi miwili. Weka katikati ya nguo. Na zikifika zisikae ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto linaziharibu kabla ya tarehe yake.

Dada, ukipata mpya usiipake uso mzima siku ya kwanza. Paka chini ya taya upande mmoja, siku tatu. Mwasho na moto hujitokeza mapema. Ikipita hapo, paka nusu ya uso kwa wiki mbili, kwa sababu chunusi huja polepole, na kanuni yangu ni kitu kipya kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha sabuni, losheni na krimu siku moja hutajua mkosaji.

Kutoka: Dada wa Leeds

Shikamooni tena. Wiki tatu zimepita, natoa mrejesho.

Daktari amenibadilishia dawa ya malaria. Dada zangu watatu wamechangia bei yake, Mungu awalipe. Mafuta ya nazi yamerudi kwa shangazi, na nimemweleza vizuri asije akadhani nimeyadharau. Losheni nimepata duka moja mjini, ya majimaji, SPF 50, ina duara la UVA, haina harufu. Ni ya mwili, chupa ya mililita 200. Nilifanya ile hesabu ya Mama wa Njiro nimesimama kaunta na muuzaji akanisubiri kwa subira. Shavu la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Haiachi weupe ikishakaa dakika chache. Machoni inachoma nikitoka jasho ndani ya helmeti, kwa hiyo pale siipaki, navaa miwani.

Kuungua kumekoma. Chunusi mpya nimehesabu mbili, na za zamani zinakauka. Madoa bado yapo, najua yatachukua muda.

Kwa Mama wa Njiro: nikirudi Leeds nitamtumia kijana wako chupa nne kwa mtu wa kwanza anayekuja Arusha. Nitumie pembeni vipimo vya kichwa chake pia, kuna kofia za ukingo mpana zenye kitambaa cha kufunika shingo nimeziona huko.