Naomba ushauri: mpwa wangu ayapateje maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi zote alizopewa?

Mjomba_wa_Langoni

Assalaam alaykum, wadau. Niko Lamu, na jioni humsaidia masomo mpwa wangu wa miaka 12. Maalimu wao wa Kiingereza ana mchezo wa kila Alhamisi. Anaandika neno fupi ubaoni, kisha kila mtoto anatafuta maneno marefu zaidi yenye herufi zote za neno lile. Mpangilio si hoja, na herufi nyingine zinaruhusiwa kuingia. Kila herufi ya neno ulilolileta ni pointi moja, lakini ikikosekana hata moja ya zile za ubaoni, unapata sifuri. Kamusi na simu haviruhusiwi.

Juzi neno lilikuwa DHOW, yaani jahazi. Yeye akawaza chombo, akawaza bahari, akaandika "seaworthy". Herufi tisa, tahajia haina kasoro. Nami nalipenda neno hilo, maana ndilo babu yake angelisema kwa Kiingereza chombo kikishatiwa kalafati na kuwa tayari kushuka majini. Ila halina D. Karudi nyumbani na sifuri iliyozungushiwa wino mwekundu, akakaa dakani mpaka Isha, chakula hakukitaka.

Maneno mtoto huyu anayo mengi, ila hana njia ya kuyaita. Tumejaribu kupekua kamusi pamoja, lakini kamusi hupanga maneno kwa herufi ya mwanzo, nasi hatujui neno tunalolitaka linaanza na nini. Nimfundishe vipi?

Baraza_Shela

Wa alaykum salaam. Kwanza mwekee wazi ni mchezo upi, maana kuna mitatu inayofanana. Kuna wa herufi kufuatana bila kuachana: kwa DHOW mimi nimepata "dhows" basi. Kuna wa herufi kushika zamu lakini kwa kuachana, kama "deathblow": soma kutoka kushoto, utaikuta D, mbele H, kisha O na W. Wa tatu ndio wenu, herufi zimetawanyika popote, kama "shadow". Mtoto akiambiwa DHOW, jicho linataka kuliona dhow zima ndani ya neno refu, na hapo ndipo anapokwama. Aziandike herufi kwa duara, si kwa mstari, zipoteze ule mpangilio.

Teacher_Malindi

Mjomba, kabla ya yote mrudishie mtoto lile neno lake. Tazama: "worthy" ina W, O na H, herufi tatu kati ya nne. Imebaki D tu. Aiache "worthy" mahali pake, abadilishe mbele. Akiweka road anapata "roadworthy", herufi 10. Akiweka credit anapata "creditworthy", herufi 12. Alikuwa amebakisha hatua moja, na haki yake aijue hivyo.

Hiyo ndiyo njia ninayowafundisha wanafunzi wangu hapa Malindi. Tafuta kipande cha neno kinachobeba herufi tatu kwa mpigo, halafu uhangaikie ile moja iliyobaki. "Hood" inabeba H, O na D, unatafuta W: womanhood, widowhood. "Word" inabeba W, O na D, unatafuta H: wordsmith, swordfish. (Swordfish ni samaki wa jamaa ya nduwaro, huku kwetu hata mtoto mdogo anamjua kwa lile pua lake.) "Wood" nayo inabeba tatu zilezile: hardwood, brushwood. "Ward" ina W na D, lakini "home" inakuletea H na O: homeward. Kiingereza kimejaa maneno yaliyounganishwa namna hii, kama mbao mbili zilizopigwa msumari.

Jambo la pili, asianze na herufi ya kwanza, aanze na iliyo adimu. Ukitaka kujua ipi adimu, tazama mfuko wa Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi. Una vipande 100: O ziko 8, D ziko 4, H na W mbilimbili tu. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huo miaka ya 1930, alihesabu herufi magazetini ndipo akagawa, kwa hiyo mizani yake si ya kubahatisha. Basi kwa DHOW mtu aanze na H na W. H ya Kiingereza mara nyingi hushikana na mwenzake: sh, th, wh, ch, ph, gh. W nayo hupenda kufungua neno au kukaa nyuma ya O. Mtoto akiandika sh, th, wh, ow, wo pembeni ya karatasi, maneno yataanza kumjia yenyewe.

Na kabla ya kukabidhi, aguse kila herufi ya ubaoni kwa kidole na kuitafuta ndani ya neno lake. Ubaoni pakiwa na herufi mara mbili, kama O za BOOK, naye awe nazo mbili.

Kompyuta_Mkomani

Wewe mjomba, kwa kuandaa mazoezi ya nyumbani, tafuta faili la maneno ya Kiingereza, kila neno mstari wake, kisha kwenye dirisha la amri la kompyuta andika hivi (grep ni amri inayobakisha mistari yenye herufi uliyoitaja):

grep w maneno.txt | grep h | grep d | grep o

Ni sawa na kuchekecha unga mara nne: kila chekeche linabakisha yenye herufi yake tu. Lakini chagua faili kwa uangalifu. Mengine yana majina ya watu na maneno ambayo maalimu hatayakubali.

Bi_Matondoni

Wanangu, orodha ya kompyuta isimfikie mtoto. Atakariri "wholeheartedly" kwa herufi zake 14, na Alhamisi neno likibadilika atabaki mikono mitupu. Mpe vipande alivyosema mwalimu wa Malindi, kisha umwache ahangaike. Usimdokeze, hata ukiona yuko karibu.

Mjomba_wa_Langoni

Ahsanteni sana nyote. Bi Matondoni, nimekusikiliza: orodha nimeitoa kwa grep, naiweka mwenyewe ya kusahihishia.

Jana baada ya Magharibi nilimwonyesha "worthy" tu, nikamwuliza kinakosekana nini. Alinyamaza kitambo, midomo ikimcheza, kisha akasema "D". Aliijaribu hand mbele yake, akaikataa mwenyewe. Akaijaribu road. Akaiandika, akapitisha kidole D, H, O, W, kisha akaipitisha tena. Halafu bila kuulizwa akaandika "hardwood", kwa sababu babu yake alikuwa ameegemeza mbao za chombo ukutani mbele yetu.

Neno la wiki ijayo maalimu keshalitangaza: FORT, kama ile ngome yetu ya Mkunguni. Ameanza na F, ana "comfort" na "afternoon". Nimeona kwenye orodha yangu kuna "waterfront", na kila siku anapita hapohapo ufukoni akienda shule. Sijamwambia.

Bi_Matondoni

Usimwambie.